Mikono itazoea, shida ni kubeba: kwa wageni wa kupiga kasia Winam

Karibuni nyinyi mnaoanza kupiga kasia hapa ghuba ya Winam, Ziwa Viktoria upande wa Kenya. Kila mgeni akikuja huniuliza kuhusu mikono, ati nipige pushapu ngapi, nianze jimu lini, na mimi humwambia mikono itazoea yenyewe kabla ya saa 4 asubuhi. Kitu itakumaliza ni zile mita 600 za kubeba mtumbwi begani nchi kavu, kuzunguka gugumaji, yale majani yanayoelea na kufunga njia ziwani, saa 6 mchana jua likiwa utosini, na hiyo sijaona mtu akiifanyia mazoezi.

Safari yetu ya kawaida tunatoka upande wa Seme, mkabala na kisiwa cha Ndere, tunafuata ukingo wa ghuba kuelekea mashariki mpaka ufuo wa Dunga, Kisumu. Kama kilomita 30 hivi ukiweka na kuzunguka, na mtumbwi wenye watu wawili na mzigo unaenda kilomita 4 au 5 kwa saa, piga hesabu mwenyewe, na hiyo ni kama hakuna kitu kimekuzuia. Lakini gugumaji litakuzuia tu. Lilipokuwa jana sipo lilipo leo, upepo unalisukuma usiku, unaamka unapata kona uliyopita juzi imefungwa kijani kibichi ungedhani ni uwanja wa mpira. Mgeni anaona ni majani tu, anaingiza mtumbwi kwa nguvu. Usijaribu! Kasia inanaswa na mizizi, unapiga mara 20 unasogea hatua mbili, nyuma yako kumeshajifunga, na kushuka usukume huwezi kwa sababu chini ni maji. Mwaka wangu wa kwanza nilikaa mle ndani masaa mawili na nusu, wavuvi wanapita mbali wanatuangalia, mpaka mzee mmoja akaturushia kamba. Hakutugombeza, alisema tu, "Kijana yangu, hii unazunguka na miguu."

Sasa hayo mambo ya miguu. Watu wengi hawajui hii hesabu: ukibeba vitu vyako kwa awamu mbili, unatembea njia hiyo mara tatu, yaani unaenda na mtumbwi, unarudi mikono mitupu, unaenda tena na mabegi. Mita 600 zimekuwa kilomita moja na mita 800. Ukiwa na awamu tatu ni mara tano, kilomita 3 nzima, na siku mbaya mnaweza kutua mara nne. Hapo ndio siku huenda, si majini. Ndio maana nawasumbua sana na mizigo mpaka mnaniona mkali, mwisho vitu vyote viingie kwa begi moja la mgongoni na ndoo moja, basi. Ile ndoo ya rangi ya lita 20 yenye mfuniko wa kubana, osha vizuri, weka simu, nguo kavu, chakula, hata mkipinduka inaelea. Zile karatasi za plastiki zilipigwa marufuku 2017 na hata kabla ya hapo zilikuwa zinapasuka, kwa hivyo usiniletee stori ya juala, yaani mfuko wa plastiki. Viti vya kukunja, spika, jiko la gesi, hizo acha nyumbani. Kuna dada alikuja na mto wa kulalia na nilimcheka, kumbe aliutumia kama kata begani chini ya mtumbwi, siku hizi na mimi nabeba.

Mtumbwi wetu ni wa faiba, kilo 30 hivi, boti ya mbao ya wavuvi hata usiijaribu, hiyo haibebwi na watu wawili. Mmoja anaubeba juu chini mabegani, makasia yamefungwa ndani, mwingine anachukua begi na ndoo na anatangulia. Anayetangulia ndiye macho, kwa sababu wa nyuma anaona miguu yake tu, kwa hivyo sema kwa sauti: shimo, waya, ng'ombe. Na sema mnyaa! Hizo ua za mnyaa ziko kila boma huku, ukigonga tawi utomvu unaruka, ukiingia machoni utalia mpaka jioni. Kubadilishana ni kabla hujachoka, ukingoja mpaka miguu itetemeke utaangusha mtumbwi na pengine juu ya mguu wa mwenzako.

Alafu ujue unapita kwa shamba la watu. Simama, salimia, omba njia. Asubuhi moja nilimwambia mama mmoja "Oyawore mama, tunaomba njia," akatuangalia, akaangalia kile kitu begani, akauliza pole pole, "Nani amekufa?" Tulimweleza, akacheka mpaka akaita majirani, na yeye ndiye alituonyesha njia fupi ya ng'ombe ambayo ilituokolea karibu nusu saa.

Mambo ya maji nitapita haraka, mtayaona wenyewe. Toka saa 12 asubuhi wakati maji yametulia, wavuvi wa omena, wale dagaa, ndio wanarudi na taa zao, waulize gugumaji limelala wapi, wanajua kuliko simu yako. Kasia unaivuta na mgongo na tumbo, ukitumia mkono peke yake saa 3 umekwisha. Mchana upepo unageuka unatoka ziwani, kwetu unatusukuma kutoka nyuma na wageni hufurahi sana, lakini wimbi la nyuma ndilo hugeuza mtumbwi ubavu likaupindua, kaa karibu na ukingo, piga magoti, na laifjaketi haivuliwi hata kama kuna joto namna gani. Viboko: usipite katikati ya kiboko na maji ya kina, na jioni usitue mahali nyasi zimelazwa njia, hiyo ni barabara yake ya kwenda kula. Kichocho kipo, konokono wake wanapenda maji yaliyotulia pembeni kwenye majani, kwa hivyo usikae umeloweka miguu ukipiga stori, na wiki 6 hivi baadaye nenda upimwe.

Chakula ni viazi vitamu na njugu. Kula kila saa kidogo kidogo, mkate unalowa, nyama inakupa kiu.

Ah na ile ndoo, iandike jina kwa rangi. Yangu ya kwanza niliiacha ufuoni dakika kumi nikienda kununua soda, nikarudi nikaikuta imejaa omena, na mama amekalia mfuniko ananiuliza nataka ya ngapi.