Maswali ya Wasomaji: Oili Inapovuja Kwenye Solenoidi ya VVT

SWALI: Injini ya gari langu ni ya silinda nne na ina VVT (mfumo unaobadilisha wakati valvu zinapofunguka). Juu yake, karibu na kile kifaa chenye plagi ya waya mbili, pamelowa oili. Fundi wa kwanza aliniambia ni gasketi ya tapeti kava (kifuniko cha juu cha injini), wa pili akasema ni kifaa hicho chenyewe, solenoidi (valvu ya umeme inayoelekeza oili ya VVT). Nitamjuaje aliye sahihi kabla sijanunua kitu?

JIBU: Osha kwanza. Oili hushuka chini, kisha upepo wa feni huisukuma nyuma, kwa hiyo pale palipolowa zaidi mara nyingi sipo inapotokea. Injini ikiwa imepoa, funika alteneta kwa mfuko wa plastiki, pulizia dawa ya kusafishia breki kuanzia ukingo wa tapeti kava hadi chini ya solenoidi, futa na uache pakauke kabisa. Halafu nyunyiza poda nyeupe, ile ya watoto inatosha, kuzunguka solenoidi na kwenye mstari wa gasketi iliyo juu yake. Washa injini dakika 10 hadi 15, ukiipandisha mara kwa mara hadi mizunguko 2,000 au 2,500 kwa dakika, maana solenoidi hii hulishwa oili yenye presha ya injini na presha ikiwa ndogo uvujaji unaweza usionekane. Zima, mulika kwa tochi. Poda itageuka rangi pale oili inapotokea.

Mstari wa gasketi ukilowa juu ya solenoidi, yule wa kwanza yuko sahihi. Ukibaki mkavu, chunguza solenoidi yenyewe, kwani huvuja kwa njia tatu na dawa zake si moja. Oili ikichomoza kwenye mzunguko inapoingia kwenye injini, oringi (pete ya raba inayozuia oili) imekufa: joto la miaka limeikausha, imekuwa ngumu na bapa, haisukumi tena ukuta wa tundu. Ikichomoza pale koili inapoungana na mwili wa chuma, au ikiwa ndani ya plagi kwenye pini, oringi haitakusaidia. Solenoidi nzima ibadilishwe. Kuna injini ambazo kifaa hiki hukaa juu ya gasketi badala ya oringi, nayo huchakaa vivyo hivyo.

SWALI: Nimethibitisha ni oringi. Naweza kuibadilisha mwenyewe?

JIBU: Unaweza, ikiwa solenoidi inafikika bila kufungua vitu vingi. Oringi inunue kwa namba ya kipuri cha injini yako. Usipime ya zamani ukatafuta inayolingana nayo, kwa sababu imeshabonyea na kutanuka. Utaletewa nyembamba nayo itavuja. Ukipewa nafasi ya kuchagua, chukua ya Viton. Raba ya kawaida ya nitrili huanza kuchoka joto likikaa juu ya nyuzi 100 hivi, ilhali Viton huhimili karibu 200.

Subiri injini ipoe na uchomoe waya hasi wa betri. Safisha kuzunguka solenoidi kabla ya kuigusa, kwani chembe ya mchanga ikidondoka kwenye tundu lile imeingia kwenye njia ya oili ya kemshafti (mhimili unaofungua valvu). Chomoa plagi kwa kubonyeza klipu yake. Fungua bolti, ambayo mara nyingi ni moja tu ya spana namba 10, kisha izungushe solenoidi kushoto na kulia huku ukiivuta polepole. Usiitekue kwa bisibisi. Utakwangua aluminiamu, na mkwaruzo huo utavuja hata ukiweka oringi mpya. Weka kitambaa chini, oili kidogo itamwagika.

Sasa hakikisha oringi ya zamani imetoka. Hili husahaulika sana: inabaki imenata tunduni, mpya inawekwa juu yake, gari linarudi likivuja kuliko awali. Kama solenoidi yako ina kichujio kidogo cha waya, kioshe na uangalie kama kina tope jeusi au vipande vya chuma. Futa mfereji wa oringi kwa kitambaa kisichoacha nyuzi.

Paka oringi mpya oili safi ya injini. Silikoni usiiguse kabisa, kwa kuwa kipande chake kikikatika ndani kinaweza kuziba njia ya oili. Ingiza solenoidi kwa mkono, ikiwa imenyooka, hadi ikalie. Kuivuta kwa kukaza bolti hukata oringi au hupinda sikio la kufungia. Mkazo wa bolti hii kwa kawaida ni nyutoni mita 8 hadi 10. Thibitisha kwenye kitabu cha gari lako. Ni mdogo sana, mtu akitumia spana ndefu huharibu uzi wa aluminiamu. Rudisha plagi na betri, pima oili, washa, rudia kuangalia kwa tochi.

SWALI: Plagi ya solenoidi yangu imejaa oili. Niikaushe niendelee kutumia?

JIBU: Kuikausha pekee ni kuahirisha. Oili hupanda ndani ya waya, kati ya shaba na ganda lake, na inaweza kusafiri mpaka kompyuta ya injini. Kwenye injini ya M271 ya Mercedes-Benz tatizo hili linajulikana sana, na kuna waya mfupi wa kuunganisha kati ya solenoidi na waya za gari unaozuia oili kupita. Badilisha solenoidi, safisha plagi kwa dawa ya viunganishi vya umeme, kisha fungua plagi ya kompyuta uangalie kama nayo ina oili.

Kabla ya kufunga mpya, ipime ukinzani wa umeme kwa mita. Solenoidi nyingi za Toyota husoma omu 6.9 hadi 7.9 kwenye nyuzi 20. Taa ya injini ikiwaka na msimbo P0010, shida iko kwenye umeme wa solenoidi. P0011 husema kemshafti imetangulia kupita kiasi, na hapo anza kwa kuangalia kiwango na uchafu wa oili.

SWALI: Nimebadilisha oringi, wiki tatu baadaye inavuja tena. Kwa nini?

JIBU: Itoe uangalie oringi. Ikiwa na mkato, iliingia kwa upande au ukingo wa tundu una makali. Ikiwa nzima, pitisha ukucha ndani ya tundu utafute mkwaruzo, na weka rula kwenye sikio la bolti uone kama limepinda. Vyote vikiwa sawa, kagua valvu ya PCV (inayotoa mvuke ndani ya injini): ikiziba, mvuke wa injini hukosa pa kutokea na husukuma oili kwenye sili na gasketi. Wakati huo huo angalia mahali matone yanapoangukia. Yakifika kwenye manifoldi ya ekzosi, usiendeshe gari hadi litengenezwe, maana oili juu ya chuma cha moto huweza kuwaka. Mkanda wa alteneta ukilowa, ubadilishe.