Clarendon nzito kwenye kamusi: niitumie wapi?

Swali: Naandaa kamusi ndogo ya maneno ya kilimo itakayochapwa kwenye karatasi ya bei nafuu. Mwenzangu amenipa fonti ya Clarendon nzito. Je, naweza kuitumia kitabu kizima? Nilipochapa ukurasa wa majaribio, matundu ya a na e yaliziba wino. – Mbunifu, Morogoro

Jibu: Kitabu kizima, hapana, msomaji atachoka kabla hajafika herufi B. Itumie kwenye vidahizo, yaani yale maneno yanayofafanuliwa. Clarendon ilitolewa London mwaka 1845 na kiwanda cha herufi cha Fann Street, chini ya Robert Besley, na mchongaji wake alikuwa Benjamin Fox. Kabla ya hapo, mchapaji aliyetaka neno moja lijitokeze alichomeka herufi nene za matangazo, zikakaa kwenye sentensi kama mgeni asiyealikwa. Hii ilibuniwa iwe nzito na bado ipatane na herufi za kawaida. Besley aliisajili, akapata ulinzi wa miaka 3 tu, kisha washindani wakainakili bila haya.

Kwa karatasi duni ni chaguo zuri. Mistari yake minene na myembamba haipishani sana unene, na serifu zake, yaani vile vijiguu vya kwenye miisho, zimeungana na shina kwa mkunjo. Bodoni, fonti yenye mistari myembamba kama uzi, kwenye karatasi hiyo ingepoteza nusu ya mistari yake myembamba.

Shida ni kwamba nyingi ya Clarendon za kwenye kompyuta hazitokani moja kwa moja na ile ya Besley. Zinafuata matoleo ya miaka ya 1950, hasa la Hermann Eidenbenz wa Uswisi, ambayo ni mapana zaidi. Kwenye bango yanapendeza mno. Kwenye safu nyembamba ya kamusi, kidahizo kama "umwagiliaji" kitakula nusu ya mstari. Tafuta toleo jembamba, au punguza ukubwa nusu pointi chini ya maelezo, macho hayatagundua.

Matundu yanaziba kwa sababu karatasi hiyo inanyonya wino na wino unatambaa. Shuka ngazi moja ya uzito: hata Clarendon ya kawaida ni nzito vya kutosha. Ongeza nafasi kidogo sana kati ya herufi. Halafu jaribu kwenye karatasi na mtambo utakaotumika kweli, maana printa ya ofisini itakudanganya.

Kwa maelezo, weka fonti ya Century Schoolbook, iliyobuniwa kwa ajili ya vitabu vya shule. Inakaa nayo vizuri.

Mwisho, kagua ng'. Herufi g ya Clarendon ina sikio, yaani kijimstari kinachochomoza juu, lenye kidonge upande wa kulia, na linaweza kubanana na alama ya ritifaa, jozi ambayo wasanifu wa Ulaya hawakuifikiria sana. Andika "ng'ombe" na "ung'oaji" kwa ukubwa utakaotumia. Zikigusana, achanisha jozi hiyo kwa mkono, kisha tumia kipimo hichohicho kitabu kizima.