Maswali Yenu: Umio Uliotengenezwa Ukisumbua Miaka Baadaye

Nilitolewa umio (njia ya chakula toka kooni hadi tumboni) kwa saratani, tumbo likavutwa hadi kifuani. Mwaka wa tatu sasa, kila funda la maji linanikohoza papo hapo. Ni kiungulia?

Hatudhani. Tindikali inayopanda hukohoza zaidi mtu akilala. Kikohozi kipya kinachofuata kila funda hutufanya tushuku fistula, yaani tundu kati ya tumbo hilo na njia ya hewa, litokanalo na kidonda, mionzi au saratani iliyorudi. Acha kula na kunywa, nenda hospitali ya rufaa leo. Utahitaji CT (eksirei ya kompyuta) ya kifua na kamera ya njia zote mbili, ya chakula na ya hewa. Mtajie mpiga picha kikohozi hicho kabla hajakunywesha dawa yoyote: gastrografini, dawa ya kunywa inayoonekana kwenye eksirei, ikiingia mapafuni huyajaza maji.

Baba alifanyiwa upasuaji huo miaka sita iliyopita. Anatumia diklofenaki kwa magoti. Jana katapika damu kijiko kimoja, ikakata. Tusubiri?

Msisubiri hata saa moja, tafadhali. Tumbo lililo kifuani bado hutoa tindikali, na diklofenaki hulichimba vidonda. Hapo jirani ni mfuko wa moyo na aota, mshipa mkuu wa damu utokao moyoni. Damu kidogo inayokata yenyewe yaweza kuwa onyo kabla aota haijafumuka, kwa hiyo ombeni CT ya mishipa kwanza. Kamera inaweza kung'oa bonge la damu lililoziba tundu.

Kidonda kikitoboa upande wa moyo, huja maumivu ya kifua na homa, na ECG (kipimo cha umeme wa moyo) hufanana na ya mshtuko wa moyo. Asipoelezwa kuhusu upasuaji ule, daktari anaweza kutoa dawa ya kuyeyusha mabonge ya damu, nayo ikamuua.

Mwanangu alimeza kostiki soda, akawekewa utumbo mpana badala ya umio. Sasa ana miaka 14, chakula kinamrudia usiku.

Utumbo huo hurefuka na miaka, ukajikunja juu ya kiwambo, msuli unaotenga kifua na tumbo. Chakula hulala mkunjoni. Picha ya bariamu (eksirei baada ya kunywa dawa nyeupe) akiwa amesimama itauonyesha. Mshono wa shingoni ukibana hupanuliwa, lakini mkunjo haupanuliwi: hukatwa na kufupishwa, mshipa unaoulisha utumbo ukilindwa. Kwa sasa ale kidogo kidogo, asile chochote kwa muda wa saa tatu kabla ya kulala, na kichwa cha kitanda kiinuliwe sentimita 15.

Tumbo limejaa, natapika, sipitishi upepo, pumzi fupi. Nilitolewa umio kwa upasuaji wa matundu madogo mwaka jana.

Huenda utumbo umepenya kiwambo na kunaswa kifuani. Nenda sasa hivi, bila kula chochote.