Siku niliyomwita mama "he"

Juzi usiku nimepata ujumbe wa msichana wa Micheweni, Pemba: "Assalaam alaykum kaka. Matokeo ya kidato cha pili yametoka, Kiingereza nimepata F. Baba anasema bora nikae nyumbani. Nifanyeje?" Nimeusoma mara tatu. Siku hizi kazi yangu ni kuwatembeza wageni Mji Mkongwe, toka Forodhani hadi Darajani nabishana nao kwa Kiingereza, na wapo wanaodhani nimezaliwa nacho. Nisikilizeni basi.

Mie mtoto wa Wete, Pemba hiyo hiyo. Kidato cha kwanza mwalimu alinisimamisha nitoe habari za mama yangu. Nikasema, "My mother is a farmer. He is very good." Darasa zima likaangua kicheko. Hilo nisingelijali, watoto ndio walivyo. Kilichoniuma ni mwalimu, aliyeegemea ubao akacheka mpaka akafuta machozi kwa mkono wenye chaki. Tangu hapo hadi namaliza skuli jina langu likawa Mama He. Jamani, wao "he" ni mwanamme na mwanamke ni "she", sisi kwetu yeye ni yeye, awe baba awe mama! Kosa langu lilikuwa na sababu, na dakika mbili zingetosha kunieleza. Sikuelezwa. Nikafunga mdomo mwaka na nusu, na F yangu nikaipata kama wewe, mdogo wangu. Tena si ya Kiingereza peke yake. Ukitoa Kiswahili, Kiarabu na Dini, masomo mengine yote wakati wetu yaliulizwa kwa Kiingereza. Bayolojia niliifeli na moyo najua una vyumba vinne.

Kilichoniokoa ni karafuu. Mwaka ule zilizaa sana, kila usiku tuko jamvini na bibi tunachambua. Nikachana karatasi ya daftari, nikaandika vitenzi 20, nikaibana chini ya kandili. Kila konyo ninalolitoa, kitenzi kimoja kwa sauti: buy, bought, bought. Bibi hajui hata herufi. Usiku wa tatu akaniuliza, "Hizo boti zako mbili zinakwenda Unguja?" Tulicheka, lakini "bought" haijanitoka mpaka leo.

Na hili lishike vizuri, maana nalisikia hata kwa watu wenye vyeti: "I did not went." Nani hapa anasema "sikulikwenda"? Tunasema sikwenda. Ile "ku" imeshabeba wakati uliopita, "li" haina kazi tena. Basi "did" ndiyo "ku" yao, ikishakaa hapo kitenzi kinabaki kama kilivyo: I did not go. Hakunifundisha mtu hili, niligundua mwenyewe nikiwa chooni, mtanisamehe.

Kidato cha tatu na cha nne nayaruka, ni kukesha tu. Nikatoka na B, na B hiyo mama aliitembeza mtaa mzima ijapokuwa hajui kuisoma.

Kwa hiyo vijana, semeni kwa sauti! Vitenzi vichache kila siku, kwa sauti. Simu mnazo, mnashinda mnatazama watu wanacheza ngoma, halafu mnalalamika mwalimu hafundishi. Sisi tulikuwa na kandili. Kosea, wakucheke, sema tena. Kila siku, nimesema, si wiki ya mtihani. Na wewe wa Micheweni, mwambie baba kuwa F ya kidato cha pili si talaka. Akikataa nipe namba yake nizungumze naye mwenyewe, kwa adabu.

Ah, yule mwalimu. Mwezi uliopita kanipigia simu. Mwanawe anasoma kidato cha kwanza hapa Unguja, Kiingereza kinamsumbua, ati kama naweza kumsaidia kidogo. Nikamwambia, "Hakuna tabu, mwalimu." Mtoto anakuja Jumamosi baada ya laasiri. Nitamsimamisha anipe habari za mama yake, tuone.