Ripoti mbili, majina mawili, je nina magonjwa mawili ya ini?

SWALI: Shikamoo dokta. 2021 nilipiga ultrasaundi nikaambiwa nina mafuta kwenye ini, wakaandika NAFLD. Juzi nimerudi, daktari mwingine kaandika MASLD, kuingia mtandaoni nakuta na MAFLD. Sasa naumwa mangapi? Na pombe sijawahi kuonja, ila nikitaja ini tu watu wananiangalia vibaya.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Ugonjwa ni uleule mmoja, jina ndo limebadilika, hakuna daktari aliyekosea.

Hilo jina la zamani, NAFLD, maana yake ni ini lenye mafuta yasiyotokana na pombe, yaani linakwambia kisichosababisha, chanzo chenyewe halikitaji, na mtu akilisikia anashika neno pombe tu, hiyo "yasiyotokana" inampita. Hayo macho unayoyasema wagonjwa wengi wameyalalamikia. Ndipo vyama vya madaktari wa ini vya Marekani (AASLD), Ulaya (EASL) na Amerika ya Kilatini (ALEH) vikaungana, wakaitwa watu 236 kutoka nchi 56, na wawakilishi wa wagonjwa wakiwemo, jambo lililonifurahisha sana, wakapiga kura raundi baada ya raundi mpaka 2023 wakatoka na MASLD, yaani ini lenye mafuta linaloendana na hitilafu za jinsi mwili unavyotumia chakula. Sasa chanzo kinatajwa: mafuta kwenye ini pamoja na angalau kimoja kati ya uzito au kiuno kuzidi, sukari kupanda, presha, au mafuta ya kwenye damu kuharibika.

MAFLD ilipendekezwa 2020, na chama cha Asia na Pasifiki (APASL) kimebaki nayo, vigezo vinakaribiana ila havilingani. Mimi hapo naumia kidogo, maana kila upande ukihesabu wagonjwa kwa kigezo chake, utafiti wa huku na wa kule unakuwa mgumu kuulinganisha, na anayechelewa kunufaika ni wewe mgonjwa. Natamani wakae tena.

Kwa sasa jina lisikunyime usingizi, ulizia makovu kwenye ini. Mwambie daktari wako akupigie hesabu ya FIB-4, ya kukadiria makovu hayo, inatumia umri wako, vipimo vya damu vya AST na ALT, na idadi ya chembe sahani (zile za kugandisha damu), basi. Ikitoka chini ya 1.3 uwezekano wa makovu makubwa ni mdogo, ikizidi hapo mwulize kipimo kinachofuata. Na nenda na ripoti zote mbili, ile ya 2021 usiitupe.