Kiwango cha asili cha metali adimu katika mashapo ya bahari

Maswali ya safari hii yametoka kwa wasomaji wanaopima metali za teknolojia, kama galiamu, niobiamu na platinamu, katika matope ya pwani, na wanataka kujua kiwango cha asili, yaani kile kilichokuwapo kabla ya uchafuzi wa mwanadamu.

Swali: Vitabu vinatoa wastani wa kila elementi katika gamba la juu la dunia. Kwa nini usitumike huo kuwa kiwango cha asili?

Jibu: Wastani huo hufaa kwa makisio ya mwanzo tu: kwa kila kilo ya mwamba, galiamu ni takribani miligramu 17.5, niobiamu 12, na platinamu nusu ya mikrogramu. Mashapo ya ghuba, hata hivyo, hurithi tabia ya miamba inayomomonyolewa na mito iingiayo humo, wala si tabia ya dunia nzima. Kilima cha Mrima huko Kwale, Kenya, ni cha kabonatiti, mwamba wa moto wenye kaboneti nyingi, iliyosheheni niobiamu na lanthanidi (kundi la metali adimu). Anayepima matope ya mikoko ya jirani na kuyalinganisha na wastani wa vitabu anaweza kumlaumu mwanadamu kwa ziada iliyoletwa na mvua kwa maelfu ya miaka.

Swali: Basi kiwango hicho tukitafute wapi?

Jibu: Palepale, ila chini zaidi. Bomba huzamishwa katika tope, na tabaka zake hupewa umri kwa risasi-210, aina ya risasi yenye mnururisho, ambayo hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 22 hivi, kisha umri huo huhakikiwa kwa sesiamu-137, nayo yenye mnururisho, iliyofikia kilele karibu na mwaka 1963 kutokana na majaribio ya mabomu ya nyuklia. Hapa metali hizi zina nafuu: risasi ilichafua hewa tangu enzi za Warumi, lakini platinamu ilianza kumwagwa na magari pale Marekani ilipoyawekea vichujio vya moshi vyenye platinamu kuanzia matoleo ya 1975, kwa hiyo tabaka safi mara nyingi haliko mbali. Katika bandari ya Boston, utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulikuta platinamu na paladiamu za mashapo ya karibuni zikiwa takribani mara 5 ya kiwango cha asili. Lakini minyoo, kaa na nyavu za kukokota huchanganya tabaka. Kilele cha sesiamu kisipoonekana, mimi nisingethubutu kutoa tarehe yoyote.

Swali: Mchanga wangu una metali kidogo kuliko tope. Je, ni safi zaidi?

Jibu: Si lazima, kwa kuwa kwatzi na vipande vya makombe huzimua metali. Gawanya kila kipimo kwa alumini, ambayo huongezeka kadiri udongo laini unavyoongezeka, au pima chembe zilizo chini ya mikromita 63. Njia hiyo haitoshi kwa niobiamu na tantalamu, ambazo aghalabu hukaa katika madini mazito ya mchangani.

Swali: Maabara mbili zimenipa majibu tofauti kwa sampuli ileile. Niamini ipi?

Jibu: Uliza kwanza tindikali iliyotumika. Mchanganyiko wa nitriki na hidrokloriki huacha niobiamu nyingi ndani ya madini sugu, ilhali hidrofloriki huyavunja mengi yao. Kwa platinamu, uliza pia kama hafniamu, metali nyingine, ilitenganishwa kabla ya kipimo, kwa maana oksidi yake ina uzito unaokaribiana mno na wa platinamu katika spektromita ya masi, yaani chombo kinachotambua chembe kwa uzito wake, nayo hafniamu huzidi platinamu kwa takribani mara 10,000. Maabara isiyoweza kujibu hilo, platinamu yake iweke kando.