Jibu: Uanze na nani kati ya waandishi wanawake wa vijijini, Marekani ya karne ya 19

Ndugu, umeuliza uanze na nani kati ya wanawake wa Marekani walioandika kuhusu vijiji vya walowezi katika karne ya 19, na kwa nini hawatajwi sana. Mimi ningeanza na Caroline Kirkland, ambaye mwaka 1839, akijiita Mary Clavers, alichapisha A New Home—Who'll Follow?, kitabu kuhusu kijiji kichanga cha Michigan ambako majirani huja kuazima chekeche la unga na, usicheke, hata mtoto mchanga. Majirani zake halisi wa Pinckney, kijiji cha Michigan alikoishi, walijitambua humo wakakasirika, jambo ambalo kwangu linathibitisha ukali wa jicho lake. Kisha msome Alice Cary wa Ohio, ambaye kitabu chake cha hadithi za kijijini, Clovernook, kilitoka mwaka 1852. Huyu ana huzuni zaidi na mzaha kidogo.

Waliachwa kando kwa kiasi kikubwa kwa sababu wahakiki walithamini hadithi za wawindaji na mapigano kuliko habari za jikoni na uani, hadi miaka ya 1980 wasomi kama Judith Fetterley, aliyehariri upya hadithi za Cary mwaka 1987, walipoanza kuzirudisha kwa wasomaji.